Yah: Wasifu wa Marehemu

Wameniambia ukurasa mmoja,
usomwe kabla jeneza halijafunikwa,
kwa kuwa mimi ni katibu wa chama cha msingi
na mwandiko wangu haumsumbui padri.

Nikaanza: Marehemu Balozi Winfrida Nampoto
alizaliwa hapa Mahuta, mwaka wa nzige.
(Mwaka wenyewe haukuandikwa popote.
Pasipoti zake tatu zina tarehe tatu.)
Alisoma, akafaulu, akaajiriwa Lindi,
karani wa masijala, ofisi ya mkoa,
kufunga majalada kwa uzi wa kijani
na kujua barua ipi ilale, ipi iamshwe.

Kisha miji ikaja mmoja mmoja, kama mihuri:
Lusaka, Maputo, Stokholm, Nyuyoki.
Miaka mingi alikaa nyuma ya kibao
chenye jina la nchi, si lake.
Usiku mmoja, saa tisa, wajumbe wanabishania neno,
liwe "unalaani" au liwe "unasikitika",
yeye akaomba waende kunywa chai.
Waliporudi neno lilikuwa limechoka.
Wakalipitisha.

Tulipokuwa wadogo tulimuuliza
kazi yake huko ni kazi gani.
Akatuonyesha foleni ya maji.
"Mnaziona ndoo zile? Wenyewe wamelala.
Ndoo haioni kiu, haitukani,
haitoki mahali ilipowekwa.
Basi mimi ni ndoo ya watu waliolala."

Hapa kalamu inasita.
Maana kabla hajastaafu aliitwa nyumbani,
akawa Katibu Mkuu,
na mezani kwake ikafika orodha:
Kumb. Na., tarehe, husika na mada tajwa hapo juu,
watumishi mia mbili na kumi wa kupunguzwa.
Namba sabini na tatu: Nampoto D., dereva, Mtwara.
Baba yangu. Mdogo wake. Waliochangia ziwa.

Akatia sahihi. Hakupiga simu.
Mimi nilikuwa darasa la sita.
Krismasi akaja na gunia la mchele, na kitenge cha mama.
Baba akatokea mlango wa nyuma,
akaenda kupalilia mikorosho
isiyo na hata jani la kung'oa.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza.
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga.
"Ningelifuta jina lake,
pale ningeandika la mtoto wa nani?"
Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina,
nina hasira tu, nayo imeota mvi.

Sasa naandika: alisimamia mageuzi ya utumishi
kwa uadilifu mkubwa.
Nafuta "mkubwa".
Nafuta "kwa uadilifu".
Narudisha "kwa uadilifu".
Padri ametuma mtoto mara ya pili.

Huko nje wafiwa wamejaa, na maji hakuna.
Bomba la kijiji hutoa mara moja kwa wiki,
na wiki hii siku yenyewe ndiyo leo, saa kumi.
Ndoo zimepangwa toka zahanati hadi ghala la korosho.
Ya kumi na moja ni yake, ya njano,
W.N. kwa rangi ya kucha.
Aliipanga mwenyewe Jumatatu,
kabla kifua hakijambana.

Maji yakaja. Foleni ikasogea.
Ndoo ya kumi na mbili ikasita nyuma ya ile ya njano,
mwenyewe hajui aipite au aiondoe,
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuigusa.

Baba akatoka chini ya turubai la wanaume,
mkono mmoja mfukoni,
hakumtazama mtu.
Akaisogeza kwa mguu, hatua moja,
akasimama pembeni yake,
kama mtu aliyepita tu hapo
akakumbuka kwamba hana haraka.